Majina Tisa kwenye Karatasi ya Jibu Moja

Kampuni inayotengeneza mchezo wa Jibu Moja huko Baraka, mashariki mwa Kongo, imewahi kuwa na majina manne, mihuri mitano na kamera moja. Msomaji asiyeelewa imekuwaje asijilaumu, maana hata waliomo ndani yake hawaelewi. Aline Nyassa Bilombele, aliyetunga maswali ya mchezo huo tangu siku ya kwanza, ndiye peke yake aliyedhani anaelewa. Akaendelea kudhani hivyo mpaka mwezi wa sita mwaka 2024, alipoombwa aandike historia ya kampuni kwenye ukurasa mmoja.

Aliyeomba ni Guy, avoka, yaani wakili, wa kampuni moja ya televisheni ya Lubumbashi iliyotaka kuununua mchezo. Alipiga simu akiwa Kalemie, anasubiri boti ya kumleta.

"Ukurasa moja tu, madame Aline," alisema. "Nani alianzisha, mwaka gani, ilipita wapi mpaka leo. Patron wangu hanunuake kitu yenye haina baba na mama."

Aline alicheka, akamwambia hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Masikini, hakujua anachokisema.

Mchezo wenyewe, kwa asiyewahi kuuona, ni mwepesi. Timu mbili za vijiji viwili zinakaa kwenye mabenchi mawili, kila timu na kifuniko chake cha sufuria na mwiko. Swali likishasomwa, anayegonga kwanza ndiye anayejibu. Na maswali ni ya hapa hapa: samaki gani wa ziwa hili hana magamba, Zaire iligeuka Kongo mwaka gani, Zaburi ya Bwana ndiye mchungaji wangu ni ya ngapi. Hilo la mwisho nusura liwagombanishe Wakatoliki na Waprotestanti mwaka mzima, kwa sababu vitabu vyao vya zamani havihesabu Zaburi sawasawa. Kila Jumamosi saa kumi mchezo ukionyeshwa, mikahawa yenye televisheni inajaa mpaka watu wanasimama nje kwenye jua. Timu ya Ubwari ikicheza, washabiki wake wanakuja kwa boti na ngoma zao, na wakishindwa wanarudi na ngoma hizo hizo wakizipiga kwa hasira.

Aline alikuwa na utaratibu wake wa kutunga. Kila swali alilipima kwa watu watatu: muuza samaki, mwalimu mwenzake na mwendesha pikipiki. Wote watatu wakitoa jibu lile lile, swali linaingia mchezoni. Mmoja akitoa jingine, linachanwa bila huruma. Baada ya lile balaa la Zaburi hakukosea tena. Jina la mchezo lilitoka hapo, na yeye ndiye aliyelitoa.

Alijifunzia wapi kazi hii? Kambini. Alizaliwa Baraka lakini akakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, kwa kuwa vita haiulizi mtoto ana umri gani. Shule ya kambini haikuwa na vitabu vya kutosha, basi mwalimu wao alisoma swali na nusu ya darasa ikashindana na nusu nyingine. Aline mdogo, mwembamba, mwenye sauti ya mbu, alikuwa hashindiki. Aliporudi Baraka na kuwa mwalimu wa darasa la mwaka wa tatu, akaleta mashindano yale darasani, kisha kanisani kati ya kwaya na kwaya. Kanisani ndiko Anatole alikomkuta. Anatole alikuwa na kamera ya kupigia picha za harusi na mdomo usiochoka. Mengine ni historia, kama wanavyosema watu wasiotakiwa kuiandika.

Kwenye simu Guy aliongeza jambo la pili, na hilo ndilo lililomkaa Aline moyoni. Wale ambao majina yao yamo kwenye statuti, yaani ile karatasi ya siku kampuni ilipoandikishwa, wangebaki kuwa wenye mchezo pamoja na watu wa Lubumbashi. Wasiomo wangekuwa wafanyakazi tu, wa kuchukuliwa leo na kuachwa kesho.

Hapo Aline hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na fotokopi ya karatasi hiyo ndani ya Biblia yake kwa miaka kumi. Ilikuwa imekatwa upande wa kulia, mashine ilivyopenda, lakini majina tisa yalisomeka yote, na la tisa lilikuwa Nyassa Bilombele. Jina la ubatizo hawakuliweka. Alidhani ni haraka ya siku ile. Siku za kuchoka, siku watoto sabini darasani wamemmaliza nguvu, alikuwa akiifungua karatasi hiyo na kuliangalia lile jina. Hakuwa na nyumba ya matofali wala mume wa kujivunia. Alikuwa na mchezo, na mchezo ulikuwa wake kwa maandishi.

Basi akaanza kazi ya historia kwa utaratibu wake ule ule: watu watatu, swali moja.

Wa kwanza alikuwa Anatole. Siku hizi Anatole ana kibanda cha kuchaji simu karibu na soko, na hata humo anavaa tai yake nyekundu ya televisheni.

"Kampani ilianzishwa na nani, Anatole?"

"We unaniuliza hiyo?" Anatole alishangaa kweli. "Ni mi! Kamera ilikuwa ya nani? Bantu banapiga kelele juu ya nani?"

"Na maswali?"

"Maswali ni yako, sikatae. Lakini swali bila kamera, Aline, hiyo ni école, ni shule tu."

Akamsimulia historia, naye Aline akaandika. Mwaka 2014 kilikuwa Chama cha Maswali. Mwaka 2016 kikageuka Maison Jibu, kwa sababu neno "chama" liliwatia wasiwasi watu wa siasa. Mwaka 2018 Anatole akagombana na Lionel, mwenye chumba walichokuwa wakirekodia, na kampuni ikapasuka vipande viwili. Lionel alibaki na Maison Jibu, Anatole akafungua Jibu Production. Kamera ilikuwa moja, kwa hiyo kampuni hizi mbili zilizochukiana ziliazimana kamera kila wiki, moja ikirekodi Jumanne na nyingine Alhamisi. Aline alizitungia maswali zote mbili, na kila moja iliamini ya pili ndiyo iliyomwiba. Mwaka 2020 Lionel alihamia Kalemie kufanya biashara ya mahindi, vipande vikaungana, ikawa Jibu Vision.

"Hiyo ni mihuri mine," Aline alisema, akihesabu kwa kalamu. "Ya tano ni ya nini?"

Anatole alikuna kichwa. "Mi sijue. Iko tu."

Aline aliondoka na kurasa sita za maandishi na kichwa kizito. Ukiona vyaelea, vimeundwa, ndivyo tunavyosema. Lakini methali haijasema ufanye nini ukikuta kila aliyepita na nyundo anadai ni fundi mkuu.

Wa pili alikuwa Fébronie. Huyu ni Mrundi, anaishi kambi ya Lusenda, na kila siku ya kurekodi anakuja Baraka kwa pikipiki kukaa kati ya mabenchi mawili na kuamua nani kagonga kwanza. Hakuna anayebishana naye. Aliwahi kumtoa nje padri. Aline alimkuta shambani anapalilia maharage, akamuuliza swali lile lile.

"Ilianza siku nilifika," Fébronie alisema bila kuinua mgongo. "Mwaka 2015."

"Dada, mbele yako tulikuwa tunafanya mwaka muzima."

"Mulikuwa munapigana na vifuniko. Mi ndiye nilileta sheria. Kitu bila sheria haiyaanza, ni kelele."

Kisha akainuka, akajifuta mikono kwenye kitenge. Aliuliza kama ni kweli watu wa Lubumbashi watabakiza wale tu wa kwenye karatasi. Aline akamwambia ni kweli. Fébronie akasema yeye hayumo, mkimbizi haandikwi kwenye vitu vya namna hiyo, na wala hakulisema kwa uchungu, alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Mi niko," Aline akamwambia. "Nikibaki mwenye mchezo, hakuna mutu atakutoa kwa ile kiti."

Alisema hivyo kwa moyo wote, na aliporudi njiani alijisikia mkubwa kidogo.

Wa tatu alikuwa mjomba wake, mzee Etongo wa Swima. Kwenye karatasi zote, tangu muhuri wa kwanza hadi huo wa tano usiojulikana, mwanzilishi wa kampuni ni yeye. Jambo hili linahitaji maelezo. Wakati wa kuandikisha, Aline na Anatole walikuwa vijana, na kwa wanavyoona watu wa kwao kitu kisicho na mkubwa juu yake ni mchezo wa watoto, na ofisi zenyewe zinakutazama hivyo hivyo. Wakamwomba mjomba awe jina la heshima. Siku ya kwenda ofisini Aline alikuwa anasahihisha mitihani, basi wakaenda Anatole na mjomba. Mzee alivaa koti. Maswali ya ofisi aliyajibu yeye, maana Anatole, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani, alinyamaza kwa adabu.

Aline alimkuta anaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, fimbo mkononi ya kufukuza bata. Alipomwona, mzee alifurahi mpaka akasahau bata.

"Mama yangu anakuja!" alisema. "Karibu, mama. Ulikula?"

Hivyo ndivyo alivyomwita tangu azaliwe, kwa kuwa Aline alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa mzee Etongo. Mjomba alikuwa mtu mzima mwenye mvi lakini akikosewa alikuja kumshtakia binti wa miaka minane, "mama, ona benye kunichokoza." Aline alizoea. Katika ukoo wao hakuna jina la marehemu lisilovaliwa na mtoto fulani. Ukiita jina moja kwenye sherehe, watatu wanageuka.

"Mujomba, kampani ilianzishwa na nani?"

"Kampani gani?"

"Ya mchezo. Ya vifuniko."

"Ahaa, ile!" Mzee Etongo hajawahi kuutazama mchezo mpaka mwisho, Zaburi ikitajwa tu anasinzia. "Ile ni ya kwetu bote, mama. Ya ukoo. Mi nilienda nikasema bote."

Aline alitaka kumuuliza zaidi. Swali lilifika ulimini: jina langu uliliweka kama la mwenye mali, sivyo? Lakini kumuuliza mkubwa kuhusu fungu lako ni kujivua nguo mbele yake, na jina si alikuwa akiliona kila siku? Akamsaidia kugeuza ndagala, akapewa za kwenda nazo, akapanda pikipiki.

Watu watatu, majibu matatu. Kwa sheria yake mwenyewe swali hilo lilipaswa kuchanwa. Kwa siku mbili alikaa mezani na kuandika ukurasa na kuufuta. Akiandika Anatole ndiye mwanzilishi, karatasi inasema mzee Etongo. Akiandika mzee Etongo, mzee mwenyewe anasema ukoo. Na mahali fulani chini kabisa, kama jiwe ndani ya kiatu, kulikuwa na jibu la nne ambalo hakuna aliyelitaja na yeye hakuweza kuliandika kwa mkono wake, maana mtu hajisifu. Kanisani nani aligawa kwaya? Jina la mchezo lilitoka kwa nani? Alikasirika, kisha akaona aibu kwa kukasirika, kisha hakujua tena anakasirikia nini. Mwishowe aliandika kwamba mchezo ulianzishwa Baraka mwaka 2014 na watu wa Baraka na Swima, ukakuzwa na watu wa Lusenda, na kampuni imepitia majina manne kwa ajili ya kuboresha kazi. Ilikuwa historia isiyo na kosa wala ladha.

Guy alifika Ijumaa asubuhi. Alikuwa kijana mnene, mpole, aliyetapika ziwani njia nzima na bado hakuwa na rangi nzuri. Walikutana kwenye chumba cha kurekodia, Anatole na tai yake, mzee Etongo na koti lake, Fébronie kwenye kiti chake cha kati, Aline kwenye benchi la timu ya kushoto. Guy alipokea ukurasa wa historia, akaukunja bila kuusoma, akautia mfukoni. Aline aliutazama ukiingia mfukoni. Siku mbili za mateso!

Kisha Guy akatoa karatasi halisi ya statuti aliyokuwa ameiomba ofisini, ile isiyokatwa upande.

"Tuanze na basiñataire, benye majina kwa karatasi," alisema. "Bantu tisa. Nitaita jina, mwenyewe anakuja kusinye. Wa kwanza, Etongo Mlondani." Akasogeza karatasi karibu na macho. "Hapa iko... alizaliwa karibu mwaka 1899?"

Guy akahesabu kwa vidole.

"Huyu muzee iko na miaka mia moja makumi mbili na tano. Iko wapi?"

"Iko Swima," alijibu mzee Etongo.

"Anaweza kuja?"

"Hapana. Iko kwa kaburi. Ni baba ya baba yangu."

Guy alimtazama Anatole. Anatole alitazama tai yake.

"Kaburi ya tangu lini, muzee?"

"Mi nilikuwa mutoto."

Kidogo kidogo likatoka lote. Siku ile ofisini karani aliuliza, "Wenzako ni akina nani?" Na mzee Etongo alijibu kama wanavyojibu kwao mtu akiulizwa watu wake: unaanza na waliotangulia. Nyumbani kwao ukihesabu ukoo ukawaruka wafu, umewafukuza, na aliyefukuzwa atauliza sababu. Akataja babu, akataja kaka yake aliyezama, akataja shangazi, akataja walio hai watano akiwemo yeye mwenyewe. Karani aliomba tarehe za kuzaliwa, mzee akakadiria. Tarehe za kufa hakuulizwa, na mtu mwenye adabu hatoi asichoulizwa. Anatole, ambaye si wa ukoo huo wala hakutajwa, alidhani wote ni wajomba wenye afya.

"Juu ya nini haukusema, Anatole?" Aline aliuliza.

"Nilijua je? Majina yenu iko inarudi-rudi!"

Guy alikuwa ameshika paji la uso. Aliita majina mengine. Walio hai walijulikana, watapatikana, Swima si mbali. Aline alikuwa amesimama tayari, kalamu mkononi, maana zamu yake ilikuwa ya mwisho.

"Wa tisa," Guy akasoma. "Nyassa Bilombele. Karibu 1931."

Aline alisikia mwaka ule na hakuuelewa. Aliusikia tena kichwani. Akaenda mezani, akainama juu ya karatasi, akaona upande wa kulia ambao fotokopi yake haikuwahi kuwa nao, na pale, mbele ya jina lake, kulikuwa na umri wa mwanamke mwingine. Bibi. Bibi ambaye alikufa Aline akiwa tumboni, ndiyo sababu ya kupewa jina. Miaka kumi alikuwa akilitazama jina la bibi yake akidhani anajitazama yeye.

"Mi je, mujomba?" Sauti ilimtoka ndogo, ile ya mbu. "Mi haukuniweka?"

Mzee Etongo alichanganyikiwa kabisa. Alimtazama, akatazama karatasi, akamtazama tena.

"Nilikuweka, mama... Nilisema mama yangu. Nilisema Nyassa. Karani aliuliza mwaka, nikatoa mwaka yake." Akaligusa jina kwa kidole. "Siku ile sikufikiri ni nani. Nilijua tu mama hawezi kukosa."

Aliona haya, mzee yule, na Aline alitaka kumkasirikia lakini hasira haikujua pa kushika. Aliumia. Hakuna namna nyingine ya kulisema: aliumia, akakaa juu ya meza kando ya karatasi.

Guy hakuwa mtu mbaya. Alikohoa, akasema mambo mawili. La kwanza, wafu hawasaini. Majina manne ya marehemu lazima yafutwe kwa mstari, na mwanzilishi atie alama pembeni, la sivyo hakuna mauzo, na patron wake atakwenda kutafuta mchezo kwingine. La pili alilisema polepole, akimtazama Aline. Makosa ya tarehe hutokea kila siku. Kama huyu Nyassa Bilombele ni yeye, mzee atie sahihi kwamba mwaka uliandikwa vibaya, na jambo limekwisha.

"Ni maneno moja tu, madame. Unasema ni we, tunaendelea."

Chumba chote kilimgeukia. Fébronie alikuwa amekunja mikono, macho yakisema, sema basi. Anatole alitikisa kichwa kwa nguvu: sema! Na kweli, Aline aliitaka ile sentensi. Alikuwa ameifanyia kazi miaka kumi. Ingekuwa uongo kwenye karatasi na ukweli kila mahali pengine, na uongo wa namna hiyo nani angeuhukumu?

"Mujomba," alisema, "we unasema nini?"

"Ukisema ni we, mama, ni we. Nitasinye." Mzee akavuta karatasi, akashika kalamu, akakaa nayo juu ya jina. Halafu akauliza, si kwa kumzuia, aliuliza kama mtu anayetaka kweli kusaidiwa: "Lakini ule mwingine, nitamuweka wapi?"

Guy alieleza kwa upole kwamba aliyekufa haongezwi. Mzee akaitikia, ndiyo, ndiyo, bila kuonyesha kama ameelewa. Akaanza na wale wengine. Babu alimfuta kwa mstari mmoja, akinung'unika maneno ya Kibembe chini kwa chini. Kaka alimfuta. Shangazi alimfuta. Kalamu ikafika kwa Nyassa Bilombele na ikagoma. Ama afute jina la mama, ama aandike kwa mkono wake kwamba siku ile mama hakuwepo kati ya watu wake, kwamba aliyetajwa alikuwa mwingine. Machozi yalimlengalenga yule mzee wa watu, na pua ikaanza kumtiririka, na hakuwa na kitambaa.

"Mutoto hafutake mama yake," alisema.

Aline alisimama hapo bila kujua anataka nini. Alifikiri juu ya Fébronie na ahadi aliyompa shambani, na kwamba kama mauzo yakivunjika Fébronie hana kiti, Anatole hana tai, na Jumamosi saa kumi watu watasimama kwenye jua kutazama kioo cheusi. Alifikiri juu ya mwanamke wa 1931, ambaye hakumjua hata sura, na ambaye mwanawe alimtaja mbele ya karani kwa sauti kubwa, na koti mwilini. Akamwonea wivu. Akajishangaa kumwonea wivu marehemu. Mpaka leo ukimuuliza kwa nini alifanya alichofanya, atakuambia hajui, na mimi namwamini.

"Lete," alimwambia mjomba wake. "Hautamufuta we. Atajifuta mwenyewe."

Mzee akampa kalamu, polepole, kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa kitu. Guy alifungua mdomo aseme kitu cha sheria, Fébronie akamwinulia kidole, akafunga.

Aline aliweka rula chini ya jina. Rula ya shule, ya mwaka wa tatu, iliyomenyeka pembeni. Alipiga mstari kutoka kwenye N mpaka mwisho wa Bilombele. Katikati rula iliteleza na mstari ukapinda, akaurudia.

Mzee Etongo alitia alama yake pembeni. Hakuinua macho.

"Imeuma, mama?"

"Iko inauma, mujomba," alisema Aline, akampa kitenge chake ajifute pua.